Simu Iko Kwenye Chaji, Mwenyewe Halali

Umeme ukikatika usiku wa manane mjini Musoma, wengi hawajui kwa sababu wamelala. Wanajua ukirudi. Friji inaguna, taa ya barazani iliyosahaulika inawaka, na simu iliyochomekwa kando ya mto inatoa mlio wake wa kupokea chaji huku kioo kikimulika chumba kizima. Umeme ukicheza, ukaenda na kurudi mara tatu ndani ya robo saa, simu nayo inalia mara tatu. Katika nyumba za wapangaji za Nyasho na Mwisenge, ambako mara nyingi kuta za kati hazifiki kwenye bati na dari hakuna, mlio wa chumba cha pili unausikia ukiwa kitandani kwako. Mtoto anashtuka. Mama ananyoosha mkono, anaipapasa simu, anatazama saa: saa nane na dakika kumi. Akishatazama saa atatazama na meseji, na hapo usingizi ndiyo basi tena.

Kero hii haina ofisi ya kupelekewa. Mwenyekiti wa mtaa hana la kuifanyia, na mtu hawezi kuomba ruhusa kazini kwa sababu simu yake ililia usiku. Lakini panda gari la asubuhi linalotoka Bunda kwenda Musoma utazame abiria: wamelala vichwa vimeegemea dirisha, simu mkononi, zimejaa asilimia mia.

Ushauri unaotolewa upesi ni kuzima simu. Unatolewa redioni, unatolewa kwenye semina, unatolewa na vijana waliosoma mambo ya afya. Siukubali. Mtu wa Musoma, Bunda au Butiama anayelala na simu ikiwa hai ana sababu zake, nazo ni nzito. Asiyezijua sababu hizo hawezi kumsaidia alale.

Si zamani sana, simu nyingi za vijijini Mara zilichajiwa mbali na nyumbani. Kabla ya nguzo kufika, mtu aliipeleka simu yake senta kwa mwenye sola au jenereta. Kibandani palikuwa na ubao uliogongomewa soketi, simu zimepangwa kwa safu, kila moja imebandikwa kikaratasi chenye jina la mwenyewe. Ulilipa shilingi 200, kwingine hadi 500, ukaenda zako shambani au mnadani, ukaifuata jioni. Aliyechelewa aliiacha ilale huko huko. Usiku huo hakuna aliyempata, naye hakuamshwa na mtu.

Kisha umeme ukaja. Sheria ya Nishati Vijijini ilipitishwa mwaka 2005, Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ukaanza kazi mwaka 2007, na sasa nguzo zimefika katika vijiji zaidi ya 12,000 vya Tanzania Bara. Gharama ya kuunganishiwa kijijini iliwekwa shilingi 27,000 ili hata mwenye kipato kidogo aweze. Aliyewahi kusoma kwa kibatari, macho yakiwasha moshi, hawezi kulisemea vibaya jambo hili, nami silisemei vibaya. Ila umeme uliingia kwenye nyumba nyingi na soketi moja. Wengine walifungiwa UMETA, kile kibao kidogo kinachokuja na soketi na swichi tayari, kwa nyumba ambayo haijatandazwa nyaya. Soketi moja ikiwepo itawekwa chumba kinachofungwa kwa komeo. Sebuleni kuna dirisha, na mkoa mzima unajua wezi wanavyoingiza fimbo yenye ndoana dirishani na kuivuta simu pamoja na chaja yake. Ndivyo simu ilivyoingia chumbani, kutoka senta hadi kando ya mto, kwa safari ambayo hakuna aliyeipanga.

Gharama nayo ilibadilika mno. Simu janja ya kawaida siku hizi ina betri ya miliampea-saa 5,000, ambayo kwa hesabu ya umeme ni kama wati-saa 19. Ukiongeza kinachopotea kwenye chaja, chukua 25. Uniti moja ya LUKU inachaji simu hiyo mara 40. Mteja wa matumizi madogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, amekuwa akinunua uniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi na tozo. Kwa bei hiyo, kuijaza simu kunagharimu kama shilingi tatu. Kitu cha shilingi 500 kikiwa cha shilingi tatu, hakuna tena anayekaa kupima lini achaji. Mchana simu iko kazini, inapokea pesa, inaita bodaboda, inauliza bei ya dagaa. Usiku inawekwa kwenye waya hadi kuche.

Mlio wenyewe una historia yake. Mwaka 2007 Nokia ilitangaza kwamba simu zake mpya za 1200, 1208 na 1650 zitamkumbusha mwenyewe achomoe chaja kwenye soketi betri ikijaa. Wengi wetu tunaikumbuka 1208, kitochi kilichokuwa na taa kichwani. Nia ilikuwa njema, kuokoa umeme unaopotea kwenye chaja zilizoachwa ukutani. Watengenezaji wengine nao wakaja na milio yao: wa kuchomeka, wa kuchomoa, wa betri kujaa, wa betri kupata joto. Mezani ofisini, saa nne asubuhi, mlio huo hauna tatizo. Chumbani Kiabakari, betri ikijaa saa saba usiku, unamwamsha mkulima kumpa habari ambayo ingengoja hadi asubuhi bila kumdhuru mtu.

Haizimiki

Nenda Bunda, kwenye vijiji vya upande wa Serengeti na mapori ya akiba: Hunyari, Mariwanda, Kihumbu, Kunzugu. Mahindi yakikaribia kukomaa tembo wanatoka hifadhini usiku na kuingia mashambani. Watu wanalinda kwa tochi, kwa madebe, kwa moshi wa pilipili, wengine wanalala kwenye vibanda vya mashambani huku wamebaki nyumbani wazee na watoto. Anayewaona kwanza anapiga simu. Anampigia jirani, jirani anampigia mwenyekiti wa kijiji, mwenyekiti anawatafuta askari wa wanyamapori. Kundi likikutwa pembeni mwa shamba linaweza kurudishwa. Likikutwa katikati, kinachobaki asubuhi ni mabua yaliyolazwa na familia inayohesabu magunia iliyokuwa iyapate. Zipo pia nyumba ambazo zimepoteza mtu, siyo mahindi tu. Mkulima wa Mariwanda akiambiwa azime simu ili alale vizuri, ameambiwa aache kulinda chakula cha mwaka.

Musoma wanaoishi kwa usiku ni watu wa dagaa. Mitumbwi inatoka jioni kwenye mialo ya Makoko na kwingineko kwenda kuwasha taa ziwani. Kazi ni ya usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wanapumzika, kwa kuwa dagaa hufuata taa pale tu ziwa zima linapokuwa jeusi. Karabai zimewaachia nafasi taa za betri na za sola, lakini ratiba ni ile ile ya baba zao. Simu ya mvuvi imefungwa ndani ya mfuko wa nailoni, na simu ya mkewe iko kwenye chaji nyumbani, sauti imefunguliwa hadi mwisho, kwa sababu upepo wa Ziwa Victoria haupigi hodi. Kabla ya alfajiri mtumbwi ukiingia kwenye mtandao, simu inapigwa kwa mnunuzi: tuna ndoo kadhaa, njoo. Mama mchuuzi asiyepokea anafika mwaloni na kukuta mzigo umeshachukuliwa na mwenzake, na siku yake ya biashara imepotea kabla jua halijachomoza.

Butiama ni habari za misiba. Familia za Wazanaki, kama za Waikizu, Wajita na wengine wa mkoa huu, zimetawanyika: kaka yuko Dar es Salaam, shemeji yuko Mwanza, kijana yuko machimboni Geita au Nyamongo. Mtu akifariki usiku, taarifa inaanza kutembea usiku huo huo, kwa kuwa gari la kwanza linaondoka alfajiri na anayetakiwa kuwahi mazishi lazima awe stendi. Kutopokea simu ya msiba ni kosa linalokumbukwa kwenye ukoo kwa miaka. “Tulikupigia, hukupokea.” Maneno hayo mtu huambiwa mbele ya watu, chini ya turubai, na hana pa kujificha.

Hali haikuwa hivi siku zote. Walioishi enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam wanakumbuka matangazo ya vifo. Yalikuwa na saa zake, na kijiji kizima kilinyamaza kusikiliza majina ya marehemu, ya wafiwa, na mahali pa mazishi. Hata kifo cha Mwalimu Nyerere, tarehe 14 Oktoba 1999 huko London, wengi Butiama na nchi nzima walikijua baada ya Rais Benjamin Mkapa kulitangazia taifa siku ile ile. Habari nzito zilikuja kwa saa za redio, na redio ilikuwa na saa za kunyamaza. Simu haina saa hizo isipokuwa tukiiwekea sisi.

Kuna utafiti mmoja uliofanyika jirani zetu ambao umenifanya niwaheshimu zaidi watu wanaolala na simu. Wanasayansi waliwafuatilia Wahadza wa pembezoni mwa Ziwa Eyasi, upande wa pili wa Serengeti, na kuchapisha matokeo mwaka 2017. Watu wazima 33 walivaa vifaa vya kupima usingizi kwa siku 20. Katika siku hizo zote, jumla ya muda ambao wote 33 walikuwa wamelala kwa pamoja ilikuwa dakika 18. Saa zote nyingine kulikuwa na aliye macho au aliyelala usingizi mwepesi: mzee aliyeamka mapema, kijana aliyechelewa kulala, mama anayenyonyesha. Watafiti waliona humo ulinzi wa asili. Kundi la watu halilali lote kwa mara moja, kwa hiyo simba au moto haulikuti bila macho.

Nadhani simu kando ya mto imechukua zamu hiyo. Zamani bibi mwenye usingizi mwepesi ndiye aliyesikia ng'ombe wakihangaika zizini akawaamsha wanaume. Sasa watoto wako mbali, nyumba ina watu wachache, na anayekesha ni simu. Tofauti ni kwamba bibi aliamsha watu kwa jambo. Simu inaamsha kwa jambo, kwa tangazo la bahati nasibu, kwa picha ya maua yenye maneno ya asubuhi njema iliyotumwa saa kumi kwenye grupu la ukoo, na kwa kurudi kwa umeme. Zote hizo inazitangaza kwa uzito mmoja.

Mwili unalipa. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi, na usingizi wenyewe unakuja kwa mizunguko ya takribani dakika 90. Ule mzito, unaojenga mwili, uko zaidi katika sehemu ya kwanza ya usiku. Anayekatizwa saa sita na saa saba anapoteza ule ulio bora, hata akiongeza kulala hadi saa moja asubuhi. Mwanga wa kioo nao una madhara yake. Utafiti wa Boston uliochapishwa mwaka 2015 ulilinganisha watu 12 waliosoma kabla ya kulala, siku kadhaa kwa kitabu cha karatasi na siku kadhaa kwa kifaa chenye kioo kinachowaka. Kwa kifaa, walichelewa kupata usingizi, na homoni ya melatonini inayouandaa mwili kulala ilipungua na kuchelewa. Ninachokiona mimi hakihitaji maabara: watu ambao simu imewazoesha kuamka saa nane sasa wanaamka saa nane hata isipolia.

Kuna jambo la hatari zaidi, na hapa naomba nisikilizwe na kila mzazi. Chandarua ni lazima mkoa huu wa malaria, na simu nyingi zinachajiwa ndani ya chandarua, juu ya godoro, wakati mwingine chini ya mto. Tazama pale waya unapopita. Neti haikai vizuri chini ya godoro, panabaki upenyo wa vidole viwili, na mbu anahitaji mdogo kuliko huo. Kisha kuna joto. Betri ya lithiamu inapata joto ikichajiwa, na joto hilo linatakiwa litoke. Sponji na shuka vinalizuia. Chaja ya bei ya chini isiyo na kinga, umeme unaopanda na kushuka, godoro la sponji na neti, vyote hivyo vikiwa sehemu moja na mtoto, ni mpangilio ambao hautakiwi kuwepo kwenye nyumba yoyote. Simu inayochajiwa iwekwe juu ya stuli, juu ya meza, au sakafuni kwenye saruji, mbali na kitu kinachoshika moto.

Na radi. Kanda ya ziwa ni kanda ya radi, nyingi zikinguruma usiku. Mvua ikianza kupiga bati, watu wanaamka mmoja mmoja kuchomoa chaja kabla hazijaungua. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, limeipa nchi umeme mwingi. Lakini tawi likiangukia waya mtaani, au radi ikipiga nguzo, umeme wa mtaa huo utakatika na kurudi tu.

Saa za kuchaji

Mengi ya haya yanaondoka kwa kuhamisha saa za kuchaji. Simu nyingi za sasa zinajaa ndani ya saa mbili hadi tatu. Hakuna betri inayohitaji usiku mzima. Ichomeke saa kumi na mbili jioni wakati ugali unapikwa, ichomoe saa tatu baada ya taarifa ya habari. Umeme ukienda na kurudi usiku, simu haina habari nao. Radi ikipiga, huna la kuamkia. Betri nayo itadumu zaidi, kwa kuwa kukaa imejaa asilimia mia kwa saa nyingi kwenye joto ndiko kunakoichosha.

Kinachobaki ni simu zinazopigwa na meseji, na hapa ndipo nina ombi kwa vijana wa kila nyumba. Simu nyingi za Android zina mpangilio unaoitwa Usinisumbue. Ukiuwasha, milio yote inanyamaza kwa saa ulizoziweka, lakini unaweza kuruhusu vitu viwili. Cha kwanza ni namba ulizozitia nyota: mama, mume aliyeko ziwani, jirani wa shamba, mwenyekiti wa kijiji. Cha pili ni anayerudia kupiga. Mtu yule yule akipiga mara ya pili ndani ya dakika 15, simu inaita. Kwenye iPhone ni ndani ya dakika tatu. Kwa hiyo mwenye habari ya msiba au ya tembo hajafungiwa mlango. Anatakiwa kupiga mara mbili, na kwa kawaida mwenye shida ya kweli hupiga hata mara tano. Kwetu tulilisema kwenye kikao cha familia, na wazee walilielewa upesi kuliko sisi: jambo la usiku, piga, kata, piga tena.

Milio ya kuchaji ina swichi yake kwenye mipangilio ya sauti, na grupu za WhatsApp zinanyamazishwa kwa saa nane, kwa wiki au daima bila wewe kutoka kwenye grupu. Bibi hawezi kuyafanya haya peke yake, maandishi ni madogo na menyu ni nyingi. Mjukuu anayekuja likizo Butiama aifanye kazi hiyo kabla hajafungua begi.

Lakini si haki mzigo wote abebeshwe mwenye simu. Mwishoni mwa mwaka 2023 Tanzania ilikuwa na laini zaidi ya milioni 70 zinazotumika. Tangazo moja likitumwa usiku kwa sehemu ndogo tu ya laini hizo, ni vijiji vingapi vimeamshwa? Meseji za biashara hazina dharura. Naiomba Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, isimamie saa ambazo tangazo halitakiwi kutumwa, angalau kuanzia saa tatu usiku hadi saa moja asubuhi. Bando za usiku za bei poa, zinazoanza watu wakiwa wanatakiwa kulala na kuisha kabla ya kengele ya shule, nazo zitazamwe upya, kwa kuwa wanaozinunua kwa wingi ni wanafunzi. Na zile meseji za matapeli za kukutaka utume pesa kwenye namba usiyoijua zipelekwe namba 15040, zikija mchana au usiku.

Kuhusu wavuvi, mipangilio hii haikutengenezwa kwa kuwafikiria, lakini inawafaa. Mtu wa dagaa anarudi jua likiwa juu, anachomeka simu na kulala saa mbili asubuhi, saa ambayo mji mzima unaanza kupigiana. Usinisumbue haijali kama ni usiku au mchana, inafuata saa unazoiambia. Aiweke ianze saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, atie nyota namba ya mkewe na ya mwenye mtumbwi, wengine wamkute akiamka.